Bosi anataka tupige siku 4 kwa wiki, masaa 12 kila siku. Hii imekaaje?

MamaT_Makorora
Habarini wadau. Nipo kaunta kwenye supamaketi moja hapa Tanga mjini, ajira ya kudumu, mshahara wa mwezi. Sasa hivi tunaingia saa 2 asubuhi tunatoka saa 10 na nusu jioni, siku sita, Jumapili ofu. Juzi meneja katupia tangazo kwenye grupu la wasap la kazini, kuanzia mwezi ujao ni siku 4 tu, saa 2 hadi saa 2, lisaa limoja la kula, mshahara uleule. Vijana wanashangilia maana wengi wana vibiashara vyao pembeni. Mi sijui nicheke au nilie. Siku tatu za ofu nazitaka jamani, ila saa 2 usiku ndio mlango unafungwa, hapo bado sijahesabu droo, sijalinganisha lipa namba na kadi, sijamkabidhi supavaiza, na ikitokea shoti, yaani hela kupungua kwenye droo, hata ya elfu tano mnaanza kupekua risiti moja moja wote mmenuna. Kutoka hapo ni saa 3 kasoro. Na nina mtoto bado ananyonya. Anaruhusiwa kutubadilishia hivi hivi tu?

Baharia_wa_Raskazone
Siku 3 za ofu unalalamika?? Njoo ufanye huku kwetu siku 6 na Jumapili unapigiwa simu. Saini haraka asije akabadili mawazo 😂

MzeeKijana_Chumbageni
Dada usimsikilize huyo. Kanuni yenyewe ipo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 21. Kawaida ni siku 6, masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ovataimu kwa mara moja na nusu. Kifungu cha 21 kinamruhusu mwajiri akupeleke mpaka masaa 12 kwa siku bila ovataimu, na hayo 12 muda wa kula umo ndani, ila kwa masharti: yawe makubaliano ya maandishi, siku zisizidi 5, masaa yasizidi 45 kwa wiki, na ovataimu isizidi masaa 10 kwa wiki. Sasa piga hesabu, 12 toa lisaa la kula ni 11, mara 4 ni 44. Kwenye karatasi bosi wako yuko sawa kabisa, alichokosa ni hiyo karatasi yenyewe. Tangazo la wasap sio makubaliano, makubaliano ni wewe umesoma umekubali umesaini.

Shida yako iko hapo kwenye droo. Ukitoka saa 3 kasoro ushavuka masaa 12, ile ziada ni ovataimu, tena kuanzia saa 2 usiku sheria inaita kazi ya usiku, unaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Na kuna kitu mameneja wengi hawakiangalii, mfanyakazi anatakiwa apumzike masaa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Saa 2 mpaka saa 2 ni 12 kamili, hamna hata dakika ya kupoteza. Ukichelewa kutoka na kesho saa 2 asubuhi unatakiwa uwe umesimama kaunta, mapumziko yako yameliwa hata kama umelipwa.

MamaT_Makorora
Duh, hapo kwenye kupumzika sikuwahi kufikiria. Kwa hiyo nimkatalie?

BiMwanaidi_Mgandini
Usikatae mwanangu, mwambie mlango ufungwe saa moja na nusu usiku, ile nusu saa ndio ya kuhesabu. Au makeshia wa kufunga waingie saa 3 asubuhi watoke saa 3 usiku, hiyo saa ya mwisho mlipwe kama kazi ya usiku, asubuhi wateja wenyewe wanakuja kununua mkate na maziwa tu, keshia mmoja anatosha. Na la mtoto usilinyamazie, mama anayenyonyesha ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwenda kumnyonyesha, Makorora na mjini ni hapo hapo na boda. Liandikwe humo humo kwenye karatasi, ukiliacha mdomoni siku ya foleni ya mwisho wa mwezi utaambiwa subiri kwanza.

Supavaiza_Mstaafu
Nimesimamia shifti ndefu miaka kadhaa. Shoti nyingi zinatokea jioni, mtu miguu imevimba, macho hayaoni noti vizuri, anarudisha chenji ya elfu kumi kwa mteja aliyetoa elfu tano. Ulizeni mapema shoti italipwa vipi, kukatwa mshahara kwa hasara kuna utaratibu wake, upewe nafasi ya kujieleza, na makato hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Mkiwa na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hapo kazini muwashirikishe kabla hamjasaini.

Kijana_wa_Pongwe
Na deiwaka je? Sisi tunaopanga mizigo stoo tunalipwa kwa siku, siku 6 zikiwa 4 si ndio tumeliwa hela ya siku mbili, wenzetu mnapata ofu sisi tunapata njaa.

MzeeKijana_Chumbageni
@Kijana ndio mana nyie mnatakiwa mdai rate mpya ya siku, siku ya masaa 11 haiwezi kulipwa sawa na ya masaa saba na nusu. Simamieni hesabu ya kwa saa.

Baharia_wa_Raskazone
Likizo nayo inapungua?

MzeeKijana_Chumbageni
Haipungui, ni siku 28 za kalenda kwa mwaka, hawaangalii unaingia siku ngapi.

MamaT_Makorora
Asanteni sana. Tumekubaliana wenyewe makeshia, kesho tunaenda na karatasi yetu tumeshaiandika, mlango saa moja na nusu, muda wa mtoto, shoti, na ya akina Kijana wa stoo tumeweka pia. Akikataa kusaini tunabaki na siku zetu sita, CMA Tanga ipo, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.