Picha isiyosafishwa, imehifadhiwa au imewekwa rehani?

MLETA MADA:
Wakuu, nina jambo naomba tulijadili bila kupandishana presha.

Juzi mama aliniomba nimtafutie picha mbili za marehemu baba. Ya mwaka 1984 haikunichukua dakika mbili. Imepauka na kugeuka nyekundu-nyekundu, lakini ipo kwenye albamu, na nyuma baba mwenyewe kaandika kwa kalamu majina ya wote waliosimama. Ya mwaka 2011, niliyoipiga mimi kwa kamera ya kidijitali, mpaka leo sijaiona. Memori kadi ninayo mkononi. Kila nikiichomeka, kompyuta inaniuliza kama niifomati.

Hoja yangu: picha ambayo haijasafishwa ikakaa kwenye karatasi bado hujaihifadhi, umeiweka rehani tu. Enzi za mkanda ulikuwa na picha 36, unafikiri kabla ya kubonyeza. Leo tunapiga 36 za mtoto mmoja akipuliza mshumaa mmoja, na hakuna anayezirudia. Hata Vint Cerf, mmoja wa waliobuni taratibu zinazoendesha intaneti, alionya mwaka 2015 kwamba mafaili yetu yanaweza kuja kukosa programu za kuyafungua, akashauri picha unazozijali zichapwe. Fundi aliyejenga nyumba akikwambia weka ndoo chini ya paa, wewe weka ndoo.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mleta mada, hapo nakupinga. Unalinganisha albamu iliyobahatika na kadi iliyotelekezwa. Hesabu na albamu zilizoungua, zilizoloa, na ile picha shangazi aliyoazima "nikaitoe nakala" ikaishia huko huko. Karatasi ni moja; ikienda imekwenda. Faili unaweza kulinakili mara 1,000 na la mwisho likawa sawasawa na la kwanza.

Kosa lako ni kuwa na nakala moja. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni nyepesi: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mbali na nyumbani. Na hiyo kadi si ghala. Kadi na flashi hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu zikikaa miaka bila kuguswa. Picha za 2011 zilitakiwa ziwe zimeshahamishwa mara mbili au tatu kufikia sasa.

MLETA MADA:
Kwenye nakala moja umenikamata, sina utetezi. Ila hiyo nakala ya kukaa mbali na nyumbani wengi wanaiweka mtandaoni na kujisahau. Google Photos ilikuwa inapokea picha bila kikomo na bila malipo. Tarehe 1 Juni 2021 ikafunga mlango huo. Myspace, mtandao wa kijamii, mwaka 2019 ilikiri kwamba picha na nyimbo za watu za miaka mingi huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Mwenye ghala akibadili mawazo, wewe una sauti gani?

MCHANGIAJI WA PILI:
Mimi kazi yangu ni kusafisha picha, naomba niwachokoze wote wawili. Mnabishana kuhusu kuchapa, lakini mnachotuletea hakichapiki.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli kama 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 tu. Simu yoyote ya leo inazo na zinabaki. Shida ni kwamba mteja ananiletea picha iliyotoka WhatsApp, imeshabanwa, na imepita mikono mitano. Kwenye kioo cha simu inang'aa. Nikiikuza iwe ya kutundika ukutani, kope zimeyeyuka na shavu limekuwa vigae. Tumeni kama dokumenti, au leteni simu yenyewe.

Halafu vichwa. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ya 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Lazima kitu kikatwe, na aliyesimama nyuma ndiye huondoka na kilemba chake. Mkipiga, acheni nafasi juu.

Na wewe wa karatasi usitambe sana. Printa ya nyumbani yenye wino wa kawaida, picha ikikaa dirishani hupauka upesi. Wino wa pigmenti huvumilia zaidi. Na zile albamu za kurasa zenye gundi zitoeni picha mapema. Gundi inazila.

MCHANGIAJI WA TATU:
Mbona hakuna aliyegusa majina? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba wa mleta mada aliandika nyuma ya picha. Sisi tuna IMG_4032, jina la faili lililotungwa na kamera, na nywila aliyekwenda nayo kaburini mwenye simu.

MLETA MADA:
Hilo limenichoma. Nimechagua picha 40 nizisafishe, na mama atakaa nami tuandike majina. Ila ya 2011 bado imefungwa kwenye kadi. Kuna aliyewahi kuiokoa ya namna hii?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Usikubali kufomati, wala usipige picha nyingine juu yake. Kopi kwanza kadi nzima kama ilivyo, iwe faili moja (disk image) kwenye kompyuta, kisha endesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, juu ya hiyo kopi. Ni ya bure. Majina ya mafaili hayatarudi, utazipitia moja moja.

MLETA MADA:
Naanza leo usiku. Nitaleta mrejesho.