Hivi afisa uhusiano ni taaluma kweli au ni mtu analipwa kutudanganya?

Mchambuzi Huru
Wakuu habari za muda huu. Naleta hili kwa sababu nimechoka. Kila taasisi ikiboronga tunaletewa taarifa kwa umma, nembo juu, muhuri chini, katikati hamna kitu. "Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Usumbufu gani, kausababisha nani, unaisha lini, hawasemi. Na aliyeandika hayo ana digrii, ana ofisi na mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Sasa nauliza, taasisi ikifanya kazi yake vizuri huyu mtu ni wa nini? Na ikifanya vibaya si ndo analipwa afiche? Tujadili kwa hoja.

Nahodha77
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwangu mjadala umeisha hapo. Halafu hao niliowahi kufanya nao kazi mimi, siku nzima ni kubeba kamera kumfuata bosi akikata utepe. Hiyo nayo tuiite taaluma?

Binti Msemaji
@Nahodha77 ngoja nianze na wewe na hiyo kamera yako. Niko kwenye hii kazi, na kamera nimebeba sana tu, kwa sababu bajeti ikibanwa kitengo cha kwanza kukatwa mpigapicha ni chetu. Ila hujui kinachoendelea ukiwa umelala. Mfumo unagoma saa nane usiku, simu zinaanza kuingia, mitandaoni watu washaandika wameibiwa, fundi anakwambia "tunalifanyia kazi" na yeye mwenyewe hajui tatizo liko wapi. Hapo unatakiwa uandike kitu cha kweli kabla hakujakucha. Naandika: tunaomba radhi, kosa ni letu, pesa zenu ziko salama, saa fulani tutawapa taarifa nyingine. Naituma. Mwanasheria anafuta "kosa ni letu" anasema tutashtakiwa. Mkuu wa fedha anafuta saa. Bosi anafuta "tunaomba radhi" anaweka "tunasikitika". Saa nne asubuhi inatoka hiyo mnayoicheka hapa, na chini kuna jina langu, la mwanasheria halipo.

Mchambuzi Huru
Dada pole, ila umenisaidia hoja yangu. Kumbe hata wewe unajua ukweli ulifutwa na bado ukaituma.

Mwalimu Tete
Tusiende na hasira. Taaluma yoyote ipimwe kwa waliofanya vizuri pia. Kuna ile kampuni ya dawa za maumivu Marekani miaka ya themanini, watu walikufa kwa sumu iliyowekwa kwenye vidonge, ikaondoa dawa zote sokoni. Ile ni PR, yaani kazi ya uhusiano, na iliokoa watu.

Kalamu Nyekundu
Ni Tylenol mwalimu, 1982, maeneo ya Chicago, watu 7 walikufa kwa sianidi aliyotia mtu ambaye mpaka leo hajajulikana. Johnson & Johnson wakaondoa madukani chupa kama milioni 31 nchi nzima, wakawaambia watu waache kutumia, wakarudi na vifungashio ambavyo vikifunguliwa inaonekana. Lakini angalia vizuri nini kiliwaokoa. Ni uamuzi wa kuondoa dawa. Wangeziacha madukani, hata wangeajiri maafisa uhusiano mia, ile kampuni ingezikwa.

Na mimi mwandishi wa habari niwaambie ninavyowajua hawa ndugu zetu. Ukiwa na habari nzuri wanakupigia wao mpaka Jumapili. Ukiwa na swali gumu, "niko kikaoni nitakurudia". Hakurudii. Wengi wao waliwahi kuwa kwetu, chumba cha habari kikawashinda.

Binti Msemaji
Chumba cha habari kikatushinda? Kaka yangu nina miaka nasoma magazeti yenu. Natuma taarifa jioni, asubuhi naikuta imechapwa neno kwa neno, mpaka kosa la herufi nililokosea mimi liko palepale, juu kuna jina la mwandishi wenu "na mwandishi wetu maalumu". Maalumu kwa lipi? Mngekuwa mnauliza maswali sisi tungepata wapi nguvu ya kudanganya?

Nahodha77
Hahaa hapo kwenye kosa la herufi umemmaliza.

Kalamu Nyekundu
Hajanimaliza. Chumba cha watu ishirini kimebaki na watano, habari zilezile, matangazo yamehamia mitandaoni, na anayetoa matangazo yaliyobaki ni huyohuyo bosi wako. Nikiandika vibaya unampigia mhariri wangu hunipigii mimi. Useme na hilo.

Binti Msemaji
Mhariri nampigia pale unapoandika uongo.

Kalamu Nyekundu
Au ukweli usioupenda.

Mchambuzi Huru
Jamani mada yangu ni thamani ya hii kazi kwa mwananchi, waandishi fungueni uzi wenu.

Mwalimu Tete
Ila wanachobishania hawa wawili ni kitu cha zamani sana. 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kule Atlantic City, kampuni za reli zilikuwa na tabia ya kuficha ajali. Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, ndo akawashauri watoe taarifa kwa waandishi na wawapeleke mpaka eneo la tukio. Mwaka huohuo akatoa azimio lake kwamba kazi hii ifanyike wazi na taarifa ziwe za kweli. Afisa uhusiano alianza kwa kumfungulia mwandishi mlango.

Kalamu Nyekundu
Mwalimu mbona unaishia 1906? Songa mpaka 1914, Ludlow, Colorado. Wachimba makaa wamegoma, kambi yao ya mahema imeshambuliwa, wamekufa mpaka watoto. Nani aliajiriwa na Rockefeller, tajiri mwenye hisa kwenye ile migodi, kuandika vijarida vyenye taarifa za uongo kuhusu ule mgomo? Ivy Lee huyohuyo. 1954 kampuni za sigara zinalipia ukurasa kwenye mamia ya magazeti kuwatuliza wavutaji kwamba hakuna uthibitisho, ushauri umetoka kwa Hill & Knowlton, kampuni ya PR. 1990 binti wa miaka 15 analia mbele ya wabunge Marekani, anadai askari wa Iraq wamewatoa watoto wachanga kwenye mashine hospitalini Kuwait, baadaye inajulikana ni mtoto wa balozi wa Kuwait na walioandaa ni kampuni hiyohiyo. Watu waliingizwa vitani huku wakiwa na ile picha kichwani.

Binti Msemaji
Na Bell Pottinger, kampuni ya PR ya Uingereza, walichochea chuki za rangi Afrika Kusini kwa niaba ya familia ya matajiri wa Gupta, ikajulikana 2017. Nani aliwafukuza? Chama chao cha kitaaluma. Wateja wakakimbia, kampuni ikafa mwaka huohuo. Sijawahi kusema hatuna wahalifu. Nasema tunaitwa maamuzi yakiwa yashafanyika. Nipe kiti kwenye kikao kile ambacho mnaamua kukata huduma bila kumwambia mteja, nitawaambia hapohapo watu watapokeaje, na hiyo taarifa mnayoichukia haitahitajika kuandikwa. Thamani yangu iko hapo. Kwa sasa nasubiri nje ya mlango.

Nahodha77
Sawa dada, na kiti ukipewa? Taja siku moja umemwambia bosi hapana.

Binti Msemaji
Nilikataa. Sehemu nyingine siyo hii ya sasa, walitaka niseme hakuna mfanyakazi atakayepunguzwa na orodha ya wanaopunguzwa nilishaiona kwa macho yangu. Nikasema siandiki. Ikaandikwa na mwingine, ikatoka, na mimi mkataba wangu haukuongezwa.

Nahodha77
Kwa hiyo wale wafanyakazi waliisoma ile taarifa wakaiamini, na wewe ukiwa unajua.

Binti Msemaji
Ndiyo. Nilisaini mkataba wa kutunza siri za mwajiri.

Nahodha77
Basi hapana yako ilikusaidia wewe kulala usingizi. Wao iliwasaidia nini?

Kalamu Nyekundu
Angenipigia simu ingewasaidia.

Binti Msemaji
Nikupigie wewe ambaye mhariri wako anapokea simu ya bosi wangu? Umesema mwenyewe hapo juu.

Mchambuzi Huru
Wakuu, narudia swali langu la mwanzo