Sadaka ilipe nauli ya mkutano wa haki ughaibuni?

Ndugu zangu, suala hili tunalinong'ona pembeni na linastahili kusemwa wazi. Je, ni sawa fedha za waumini kupeleka watu nchi za mbali kwenye makongamano ya dini yanayohusu haki za wanyonge?

Hoja ya wanaopinga ina uzito. Wanasema mjane hawezi kula tamko la mkutano. Nauli ya mjumbe mmoja, pamoja na malazi na posho yake, ingelisha watu wengi wenye njaa walio jirani. Tena wanauliza kwa nini kila mwaka wanaopanda ndege ni walewale.

Mimi nasema watu waende, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Tazameni Ottawa, Kanada, Agosti 1982, ulipokutana Muungano wa Makanisa ya Kireformati Ulimwenguni, yaani makanisa ya Kiprotestanti yanayofuata mapokeo ya Calvin. Wajumbe weusi na machotara kutoka Afrika Kusini walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na wazungu wa nchi yao, kwa kuwa nyumbani makanisa ya wazungu hao yalikuwa yamewatenga na meza hiyohiyo. Kabla mkutano haujafungwa, kuutetea ubaguzi wa rangi kwa Maandiko kulitangazwa kuwa uzushi. Makanisa mawili ya wazungu yakasimamishwa uanachama, na Allan Boesak, mchungaji wa kanisa la waliobaguliwa, akachaguliwa kuwa rais wa Muungano. Serikali ya makaburu haikuanguka siku ile, lakini ilinyang'anywa baraka iliyokuwa ikijivunia. Barua ingewekwa kwenye faili. Mtu aliyesimama mbele yako akaukataa mkate huwezi kumweka kwenye faili.

Sisemi kila jambo linahitaji safari. Mei 1998 watu wapatao 70,000, wengi wao waumini, waliuzingira kwa mnyororo wa mikono mkutano wa mataifa tajiri mjini Birmingham, wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe. Mwaka uliofuata, huko Cologne, Ujerumani, mataifa hayo yaliahidi nafuu kubwa zaidi ya madeni. Wengi katika mnyororo ule walikuwa Waingereza wakiibana serikali yao wenyewe, nao hawakuhitaji viza.

Sasa sharti langu: aende aliyeumizwa. Aliyefukuzwa kwenye shamba lake alieleze yeye mwenyewe, na kiongozi wake wa dini, kama lazima aende, akae nyuma yake. Kiongozi akienda peke yake kusimulia machungu ya wengine, basi wanaopinga wana haki, na mimi nawaunga mkono.

Hapo ndipo viza inapotukwamisha. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Ubalozi unataka uthibitisho wa fedha na wa sababu za kurudi kwenu. Aliyenyang'anywa ardhi atatoa wapi taarifa ya benki? Mlango unamfungia yuleyule ambaye kikao kimeitwa kwa ajili yake. Kwa hiyo waandaaji wapeleke mikutano huko waliko walioumizwa. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliwahi kukutana Nairobi mwaka 1975 na Harare mwaka 1998, kwa hiyo inawezekana.

Wapo watakaosema mtandao unatosha. Bunge la Dini za Ulimwengu lilikutana hivyo mwaka 2021 wakati wa korona, kisha mwaka 2023 likarudi ukumbini Chicago. Kwa semina, mtandao unafaa sana. Kwa kumkabili anayekudhulumu, naona haufai, maana anaweza kukuzima kwa kidole.

Wenye hoja kinyume, karibuni, lakini nawaomba mnijibu hili kwanza: mngekuwa ninyi mnaoshika mfuko mwaka 1982, mngewanyima wale wajumbe nauli ya kwenda Ottawa?