Ndakasi, Maheshe, Chimanuka: daftari la wanyama wenye majina

MwalimuIbanda (Bukavu)

Hamjambo wote. Klabu ya mazingira ya shule, darasa la tano na la sita primeri, inatengeneza daftari la wanyama wanaokumbukwa kwa majina. Si gorila kwa jumla, ni Maheshe, ni Ndakasi, wale ambao wazazi wa watoto wangali wanawataja. Kila mnyama atapata kadi yake ya A5. Watoto wa umri huo hawaruhusiwi kupanda kwa gorila, kwa hiyo tutategemea picha.

Nina maswali mawili. Nyinyi mungemweka nani wa kwanza, na kwa nini yeye? Na mtoto akiletewa picha isiyo na jina, atajuaje huyu ni nani? Wengine darasani wanashikilia kwamba gorila wote wana sura moja, na ubishi hauishi. Vifaa ni karatasi, penseli, simu moja, na sekretaria ya kuprintia iko karibu.

Tshivanga_Juu (Bukavu)

Mwalimu, ubishi huo unamalizwa na pua. Juu ya matundu ya pua ya gorila kuna mikunjo ya ngozi, na matundu yenyewe yana umbo lake. Kila mmoja ana yake, kama alama za vidole kwetu. Mtafiti George Schaller alikuwa akiwatofautisha hivyo pale Kabara, chini ya mlima Mikeno, mwaka 1959, na Dian Fossey naye alianzia hapohapo Kabara mwaka 1967 kabla ya kuhamia upande wa Rwanda. Hata leo, pisteri, yaani mfuata nyayo wa parki, anayefuata familia mpya huanza na daftari la pua.

Kwa watoto fanyeni hivi. Tafuteni picha ya mbele kabisa, macho yote mawili yakionekana sawasawa. Uso ukigeuka hata kidogo, tundu moja linajificha na mikunjo ya upande ule inabanana, na mchoro utakuwa wa gorila asiyekuwepo. Kwanza mtoto achore ukingo wa juu wa matundu mawili, halafu mstari wa katikati, mwisho mikunjo, akitoka kushoto kwenda kulia na kuhesabu mingapi inavuka pua nzima na mingapi inakatika njiani. Mchoro usiwe chini ya sentimita 8 kwa upana. Ukiwa mdogo zaidi, penseli ya primeri inaunganisha mistari miwili kuwa mmoja. Asipake kivuli hata kidogo. Watoto wanapenda kupaka weusi kwa sababu gorila ni mweusi, na mikunjo yote inapotea.

Mambo yanayodanganya: pua iliyolowa mvua inang'aa na kufuta mikunjo myembamba, matope yanaongeza mistari ya uongo, kidonda kikipona kinaacha kovu ambalo halikuwepo. Na gorila mtoto, pua yake inaendelea kukua. Kwa hiyo andikeni tarehe ya picha kwenye kila kadi, na musithibitishe jina kwa picha moja tu.

Wa kwanza kwa Bukavu ni Maheshe, hapo sina shaka. Parki ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, iliundwa 1970, na Adrien Deschryver ndiye aliyezoeza familia za mwanzo zisiwakimbie watu, za madume Casimir na Mushamuka. Dume Maheshe akaja kuwa ndiye uso wa Kahuzi kwa wageni na kwa wenyeji, mpaka alipouawa na majangili mwaka 1993. Ninja, dume mwingine wa Kahuzi, naye akauawa 1997. Ulizeni wazazi kama kuna aliyehifadhi noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991: nyuma yake kuna familia ya gorila. Fotokopi ya noti hiyo kando ya kadi itawafanya wazee wa nyumbani waanze kusimulia wenyewe, na hapo ndipo watoto watapata maneno ya kuandika.

Wa pili, Chimanuka, dume wa Kahuzi pia. Familia yake ilipita gorila 30, kwa hiyo musijaribu kumpa kila mmoja kadi. Mwekeni yeye, na mumpe Mugaruka kadi ya tatu. Huyo alipoteza kiganja kwa mtego, na kati ya hao watatu ndiye pekee ambaye mtoto anaweza kumtambua bila kuangalia pua.

Mikeno_Himbi (Goma)

Hapo kwa pua tuko pamoja. Ila Goma itawashangaa kama Ndakasi si wa kwanza.

Kabla kadi yake haijaandikwa, kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: kwamba Ndakasi na Ndeze waliokotwa siku moja, wote wawili yatima wa dume Senkwekwe. Sivyo. Ndakasi alikutwa katika parki ya Virunga Juni 2007, ana kama miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Walikuwa wa familia ya Kabirizi. Mauaji ya familia ya Rugendo, ambamo Senkwekwe mwenyewe alikufa, yalikuja Julai, na huko ndiko alikotoka Ndeze. Watoto hao wawili walilelewa kwanza mjini Goma, halafu wakapelekwa Rumangabo, makao makuu ya parki hiyo, kwenye kituo kilichopewa jina la Senkwekwe. Andikeni familia mbili, miezi miwili.

Picha ambayo kila mtu anaijua ni ile ya Aprili 2019, mlinzi Mathieu Shamavu mbele na gorila wawili nyuma yake wamesimama wima kama watu wanaopanga foleni ya picha. Ni Ndakasi na Ndeze. Inachekesha, lakini ukiibandika bila maelezo mtoto atadhani hivyo ndivyo gorila anavyosimama karibu na mtu. Wao walilelewa na watu tangu uchanga, wakawa wanaiga walezi wao. Gorila wa porini hatembei hivyo. Anatembea kwa miguu na migongo ya vidole vya mikono, na ukimwona amesimama wima ni kwa muda mfupi, mara nyingi akijipiga kifua.

Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021, ana miaka 14, baada ya kuugua muda mrefu, mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Hiyo picha ya mwisho ipo pia. Kwa darasa la tano mimi ningeiacha, ya 2019 inatosha.

Tena musichanganye aina. Ndakasi ni gorila wa milimani: nywele ndefu nzito. Maheshe na Chimanuka ni gorila wa Grauer: mwili mkubwa zaidi, nywele fupi, uso mrefu. Aina hii ya pili haipatikani porini nje ya Kongo. Nao gorila wanaoonekana kwenye bustani za wanyama za Ulaya, karibu wote ni wa nyanda za magharibi, aina nyingine kabisa. Amahoro na Victoria wa bustani ya Antwerp, Ubelgiji, ndio waliokuwa wa Grauer. Mtoto akichukua picha kwenye intaneti bila kuangalia, kadi ya Maheshe itapata uso wa gorila wa Gabon.

KatubaLshi (Lubumbashi)

Bayaya ba Kivu, munasema gorila tu! Huku kwetu watoto wanakua na shimpanze. J.A.C.K., kituo cha kulea shimpanze yatima, iko kando ya zoo ya Lubumbashi tangu 2006 na inapokea wadogo walionyang'anywa wachuuzi. Septemba 2022 watatu wao waliibwa na wezi wakadai pesa ili wawarudishe. Majina yao ni César, Hussein na Monga. Yaandikeni kwenye daftari hilo.

Kwa shimpanze, acheni pua, angalieni masikio: ukubwa, yanasimama au yanalala, ukingo una mkato au hauna. Halafu vidole, kwa kuwa mtego huacha alama maisha yote. Rangi ya uso haifai. Wengi wanazaliwa na uso mweupe-mweupe unaokuwa mweusi kadiri wanavyokua, na madoa katikati ya safari. Picha mbili za shimpanze mmoja, miaka mitano kati yake, utaapa ni wawili. Manyoya meupe pale nyuma kiunoni nayo ni ya utoto, yanapotea. Yanakusaidia kukadiria umri, si kujua jina.

Simba anatambuliwa kwa vidoti vya sharubu, pembeni mwa mdomo. Juu ya mistari ya vidoti kuna mstari wa juu kabisa wenye vidoti vichache. Unaangalia kila kimoja kimekaa juu ya nafasi gani ya mstari wa chini yake. Kushoto na kulia havifanani, kwa hiyo kadi ya simba inataka picha mbili za ubavuni, kinyume na gorila. Okapi pia: michirizi ya mapaja, pande mbili, kila mmoja na yake. Na kama munamtafutia okapi nafasi, wale 14 wa kituo cha okapi cha Epulu walikufa kutokana na shambulio la Juni 2012. Walikuwa na majina, wote.

MwalimuIbanda

Aksanti sana, hii ni zaidi ya nilivyoomba. Maheshe na Ndakasi watakaa ukurasa mmoja, basi, amani ibaki kati ya miji miwili. Tatizo jipya: tulijaribu kuprinti picha ya Chimanuka na imetoka donge jeusi. Pua haionekani kabisa. Ni mashine au ni picha?

Mikeno_Himbi

Ni picha kwanza. Majani nyuma yana mwanga, uso uko gizani, simu imechagua majani. Ifungue kwenye simu, kata kila kitu ubakize kuanzia nyusi mpaka mdomo wa chini, halafu pandisha sehemu za giza tu mpaka mikunjo ijitenge. Ukipandisha mwanga wa picha yote, pua inakuwa ya kijivu bila mistari. Igeuze nyeusi na nyeupe wewe mwenyewe kabla ya kuipeleka, usimwachie wa sekretaria. Omba karatasi moja ya kujaribu kabla ya kuprinti zote. Michirizi mirefu ya wima ikijitokeza, hapo sasa ni mashine, wino umekaribia kuisha, na mstari mmoja wa namna hiyo ukipita puani mtoto atauchora.

Tshivanga_Juu

Tena, mukiplastifie kadi, yaani mukizifunika kwa plastiki, acheni milimita 5 za plastiki tupu pande zote nne. Ukikata sawa na karatasi, unyevu wa Bukavu unaingia pembeni na kadi inavimba kabla mwaka wa shule haujaisha. Picha ya wino wa maji ikauke usiku mzima kwanza. Mchoro wa penseli hauna shida, ila ufuteni vumbi la penseli kwa kitambaa kikavu, la sivyo joto la mashine linalibandika juu ya mikunjo.

Na ukipata mtu mzima wa kupanda Tshivanga, kituo cha parki ya Kahuzi-Biega, kuwapigia gorila picha mpya, mwambie avae maski na abaki mita 10 kutoka kwa gorila, atumie zumu, asiwashe flashi. Akiwa na mafua asiende, kwa sababu mafua yetu yanawaua gorila. Saa moja ndiyo muda wote anaopewa na familia. Dakika za kwanza wanakula, vichwa chini, pua haionekani. Asubiri watulie kupumzika, dume akiinua uso kuangalia kundi lake, hapo ndipo abonyeze.

KatubaLshi

Abonyeze mara kumi, si mara moja. Tisa zitakuwa za mdomo umejaa majani.