Naomba ushauri: wiki ya boti Norfolk, mimi na mke wangu

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Uingereza, na Septemba tunataka kukodi boti ya kulala pale Wroxham, tushuke mto Bure hadi Horning na Ranworth, jioni tukila kwenye baa za kando ya mto. Daraja la Potter Heigham tumeliacha, liko chini mno kwa boti nyingi za kukodi.

Nilipokwama ni hapa. Boti za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku, na mke wangu haogelei. Sitaki aruke gatini na kamba mkononi giza likiingia. Nimepigia simu baa kadhaa: meza wanakuwekea, ila nafasi ya kufunga boti ni ya anayewahi.

Mliowahi kwenda, saa kumi jioni bado gati linapatikana, au tuwahi zaidi? Na sisi hatunywi pombe wala hatuli nguruwe: tutapata chakula cha maana zaidi ya samaki na chipsi? Mwenzangu hupenda supu ya moto jioni, na baridi ya mtoni haina huruma.

Asanteni sana.