Gari kuukuu limefeli kipimo cha moshi: ninunue masega mapya?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina gari la petroli la miaka 19, nililinunua mwaka jana kwa mtu. Linawaka vizuri, halitetemeki, na moshi kwa macho siuoni. Juzi nimelipeleka kupimwa, kila kitu limepita isipokuwa moshi. Fundi kalitazama dakika tano, akasema masega ya kwenye eksozi, yale ya kusafisha moshi, yamekufa, yabadilishwe. Hela anayotaja inakaribia niliyonunulia gari zima. Lugha ya gereji za huku bado inanipiga chenga. Nilipouliza yamekufaje nilimwagiwa maneno, nikabaki kutikisa kichwa.

Karatasi inasema: CO (kaboni monoksidi) 1.9 wakati mwisho ni 0.3, HC (petroli isiyoungua) 240, lambda 0.94. Taa ya injini haiwaki. Nitoe hela au nisitoe?

---

> Nitoe hela au nisitoe?

Usitoe kwanza, mdogo wangu.

Hiyo lambda ndiyo namba ya kuanza nayo, na nashangaa fundi kairuka. Kilo moja ya petroli inahitaji hewa kama kilo 14.7 ili iungue yote. Injini ikipata kiasi hicho hasa, lambda inasoma 1. Ikishuka chini ya 1 petroli imezidi, ikipanda juu ya 1 hewa imezidi. Yako ni 0.94, yaani hewa imepungua kama asilimia 6, na petroli iliyokosa hewa ndiyo inayotoka kama CO.

Sasa masega. Kazi yake mojawapo ni kuiunganisha CO na oksijeni iwe CO2. Oksijeni yenyewe hayana, yanaitegemea ile iliyobaki kwenye moshi. Injini isipobakiza, hayana cha kufanyia kazi hata kama yametoka dukani leo. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: masega hayabadilishi lambda. Hayaongezi hewa wala kupunguza petroli, yanapanga upya tu kile kilichoingia. Kwa hiyo hiyo 0.94 imetoka kwenye injini. Ukifunga mapya utafeli tena, na utakuwa umeanza kuyaua na hayo. Masega yaliyokufa kweli yangekuonyesha lambda iko kwenye 1 au jirani yake, huku CO na HC bado ziko juu.

Swali ni nani anamimina petroli. Mimi ningeanza na joto. Kompyuta ya gari ikiamini injini bado ni baridi, inaongeza petroli makusudi. Azima mashine ya kusomea kompyuta, zile ndogo za kuchomeka chini ya usukani, endesha nusu saa kisha tazama joto la maji inalosoma. Injini iliyopata moto inakaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ukikuta 30 au 40, ama sensa ya joto inadanganya, ama temostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka yapate moto, imekwama wazi na maji kweli hayapati moto. Kuvijua ni rahisi: shika mpira mkubwa wa radieta mara tu baada ya kuwasha gari likiwa baridi. Ukianza kupata vuguvugu polepole tangu dakika za mwanzo badala ya kukaa baridi halafu ghafla ukawa wa moto, temostati ndiyo hiyo. Angalia feni isikukate vidole.

Joto likiwa sawa, nenda kwenye sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega. Nzima inarukaruka kati ya kama volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiganda chini, kompyuta inadhani hewa imezidi na inaendelea kumwaga petroli. Lakini usikimbilie kuinunua nayo! Tundu dogo kwenye eksozi kabla ya sensa linavuta hewa ya nje, sensa inaisema kwa uaminifu, kompyuta inazidisha petroli, na wewe unamlaumu mjumbe. Sikiliza gari likiwa baridi kama kuna sauti ya tiki-tiki kwenye maungio.

Vingine ni vya haraka. Kama kirekebisha presha ya petroli kina kampira kembamba kinachoenda kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), kichomoe, ukikuta petroli ndani yake basi kirekebisha chenyewe kimepasuka ndani. Chujio la hewa watu hulisingizia sana. Kwa gari la kabureta sawa, lakini kwa gari la kompyuta ni mara chache likupeleke kwenye 1.9.

Na hiyo taa. Washa swichi bila kupiga stati. Isipowaka hata hapo, balbu imeungua au aliyekuuzia aliing'oa.

---

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila kwa wengine watakaosoma: karatasi zenu zinaweza kuwa tofauti na hii.

Yangu ilikuwa HC zaidi ya 900, CO chini kabisa, oksijeni juu. Hiyo ni petroli iliyopita bila kuungua. Silinda moja ilikuwa inamisi, na mimi kwa kuzoea sikuwa nahisi tena. Ilikuwa koili. Ingekuwa plagi au waya zake ningekuwa na bahati, ingekuwa valvu imeungua ningelia. Injini ikimisi usivumilie, maana ile petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Hapo ndipo unayanunua kweli.

Na kama mnakopimiwa wanapima pia oksidi za nitrojeni, hizo zikipanda ni habari ya joto kali ndani ya silinda: valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, imeziba masizi, au hewa imezidi.

Jambo jingine, msifute misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta usiku wa kuamkia kipimo. Ukifuta, kompyuta inasahau pia vipimo ilivyojifanyia yenyewe, na mahali wanaposoma kompyuta wataona haiko tayari, wanakurudisha. Inataka siku kadhaa za safari za kawaida, mjini na barabara kuu. Siku yenyewe fika injini ikiwa moto kweli. Masega yanaanza kazi yakifika nyuzi 300 hivi, na ukikaa foleni injini inaunguruma tu polepole yanapoa. Piga resi kidogo kabla ya kuitwa.

---

Ahsanteni sana kaka na dada.

Taa: nimewasha swichi, haikuwaka. Balbu imezibwa kwa utepe mweusi. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa tabasamu kweli.

Nimeazima mashine kwa jirani. Baada ya dakika arobaini barabarani ilisoma nyuzi 27, wakati mshale wa kwenye dashibodi uko katikati. Nilidhani nakosea, kumbe gari hili lina sensa mbili, moja ya mshale na nyingine ya kompyuta. Ya kompyuta nimebadilisha mwenyewe, ni ndogo kama kidole gumba. Gereji nyingine wakanipimia: CO imeshuka kutoka 1.9 hadi 0.6, lambda 0.98. Bado nafeli!

---

> Bado nafeli!

Chomoa kijiti cha oili unuse.

---

Kinanuka petroli, kaka. Na oili imepanda juu ya alama.

---

Ndiyo hiyo. Petroli iliyozidi muda wote ule imeteremka kwenye oili. Sasa injini ikipata moto mvuke wake unapanda kupitia mpira wa kupumulia na kunyonywa tena kwenye manifoldi. Sensa umeponya, lakini injini bado inakunywa petroli ya zamani. Mwaga oili, weka chujio jipya, endesha safari ndefu moja, kisha kapime. Usiliendeshe sana na hiyo iliyomo, ni nyepesi mno kwa beringi.

---

Nimerudi sasa hivi. CO 0.08, HC 31, lambda 1.00. Masega ni yaleyale ya miaka 19.

Utepe nimeubandua. Taa inawaka kwenye swichi na kuzimika injini ikishawaka, nadhani ndivyo inavyotakiwa?

---

Ndivyo.