Nishalipa adivansi ya mchele wa Karachi na India na Pakistan ndo hawa wamefungiana anga, nifanyeje?

Bin_Kongowea
Assalaam alaikum wajameni. Naomba ushauri kwa wenye kujua mambo ya meli na kliaringi (kutoa mizigo bandarini) hapa Mombasa. Mie na ami yangu tuna duka la nafaka Kongowea, siku zote twanunua mchele kwa maholoseli wa hapa hapa, mara hii ami akasema tujikaze tuagize kontena letu wenyewe, tukaungana na jamaa wengine wawili tukatuma adivansi kwa saplaya wa Karachi, Pakistan, mapema mwezi wa nne 2025. Hatujakaa vizuri yakatokea yale mashambulizi ya Pahalgam, Kashmir ya India, tarehe 22, watu 26 wakauliwa, siku mbili baadae Pakistan ikafunga anga yake kwa ndege za India, tarehe 30 India nayo ikafunga ya kwake, mara makombora, mara ndege za kivita zimetunguliwa na kila mmoja yuwadai lake. Haya, tarehe 10 Mei wakaacha kupigana, lakini anga bado imefungwa, walisema mwisho ni tarehe 23 Mei ikafika wakaongeza mwezi mwengine.

Sasa saplaya ameniandikia ati freti (nauli ya mzigo) imepanda "kwa sababu ya hali", meli itachelewa, na yuwataka tuongeze pesa la sivyo hapakii. Ami yuwataka turudishiwe hela zetu tukanunue mchele wa Tanzania. Wale jamaa wawili wasema tungoje. Kwani mchele si waja kwa bahari? Anga ikifungwa freti ya meli yapandia wapi? Na la pili, shangazi yangu ana miadi ya hospitali Mumbai mwezi ujao, tiketi ishakatwa na sasa yuwaogopa kupanda ndege. Nisaidieni bila matusi tafadhali.

Baraza_Kuze
Ungeuliza kabla hujatuma pesa. Lakini bas, maji yashamwagika, ngoja wenye ujuzi waje.

Kliaringi_Kilindini
Wa alaikum salaam ndugu yangu. Achana na anga, angalia bandari. Watu wote wameshughulika na habari za ndege manake ndo zenye kelele, lakini wewe wa kontena kilichokugusa kilifanyika tarehe 2 Mei, siku hiyo India ilipiga marufuku bidhaa zote zitokazo Pakistan, na sio kuziingiza tu, hata kupita, na ikazuia meli zenye bendera ya Pakistan kutia nanga bandari zake. Kesho yake Pakistan nayo ikazuia meli za bendera ya India. Kabla ya hapo biashara ya wao kwa wao ilikuwa ishakufa, mpaka wa Attari na Wagah ulifungwa mwezi wa nne, na hata huko nyuma tangu 2019 India ilipoweka ushuru wa asilimia 200 hakukuwa na kubwa lililobaki, kwa hivyo hili la tarehe 2 limewaumiza wa pembeni kuliko wao wenyewe.

Sasa fikiria meli kubwa ya makontena. Haizunguki kwa ajili ya Karachi peke yake, yatoka Karachi au Port Qasim yaenda bandari za India, Mundra na Nhava Sheva pale Mumbai, ndo ikate bahari. Baada ya marufuku, meli ikiwa na kontena la Pakistan tumboni haipokelewi India hata kama hilo kontena halishuki pale. Bas makampuni ya meli yakalazimika kutenganisha, mzigo wa Karachi ukawa wachukuliwa na meli ndogo hadi bandari ya nchi nyengine kama Jebel Ali (Dubai) au Salalah (Oman) au Colombo (Sri Lanka), pale wapakuliwa wangoja meli nyengine ya kuja huku. Hapo ndipo siku zaongezeka na pesa zaongezeka. Kwa hivyo saplaya wako hajasema uongo wote, ila kuna na wale wanaoona vita wakaona na nafasi ya kuongeza chao.

Fanya hivi. Mwambie akuletee kwa maandishi jina la meli na mzigo wapitia bandari gani. Akikwambia meli yaja moja kwa moja Mombasa bila kugusa India, muulize hiyo nyongeza ni ya nini, na akuonyeshe invoisi ya kampuni ya meli sio maneno yake ya wasapu. Halafu toa mkataba wako usome, mulikubaliana C&F au FOB? Kama ni C&F freti ilikuwa ndani ya bei yake, nyongeza ni mzigo wake yeye hadi muelewane vyengine. Kama ni FOB, pole, freti ni yako toka mwanzo.

Bin_Kongowea
Shukran sana kaka. Ni C&F Mombasa, nimetoka kuangalia saa hii. Lakini tulilipa nusu tu, yeye ameshika hiyo nusu kama rehani sasa.

Kliaringi_Kilindini
Ndo maana sikwambii ugombane naye. Nakwambia ujue haki yako iko wapi kabla hujakubali kugawana naye hasara. Na bima? Bima ya mzigo unaoingia huku yakatwa na kampuni za hapa Kenya, kwa hivyo hiyo ni yako wewe, muulize ajenti wako wa bima kama hatari za vita zimo au zalipiwa mbali. Wengi hawaulizi.

Bi_Tononoka
Mwambie ami yako na heshima zake zote, mchele wa Tanzania ni mtamu, nyumbani kwangu wa Mbeya ndo twala kwa wali wa nazi, lakini mie napika biriani za harusi na wateja wangu wataka punje ndefu isiyoshikana, ukiwapelekea ule mwengine bibi harusi atakulaani hadi anajifungua. Ni soko mbili tafauti. Kama wanunuzi wenu ni wapishi na mahoteli hamuwezi kubadilisha hivyo hivyo tu.

Gunia_Moja
Nakubaliana na bi mkubwa hapo juu, ila na mie niongeze hofu nyengine. Mwakumbuka Julai 2023 India ilipozuia mchele mweupe usio basmati kuuzwa nje? Bei zilipanda dunia nzima na Pakistan wakauza sana mwaka ule. Wengi hapa ndo walianza kuagiza Karachi wakati huo. Sasa India waliondoa zuio Septemba 2024, mchele wao umerudi sokoni. Kwa hivyo anayengoja bei ipande Mombasa kwa sababu ya huu ugomvi atangoja sana. Hatari yako sio kukosa mchele, hatari yako ni mzigo kufika umechelewa ukute maghala ya wenzako yamejaa wa India na wewe umelipa freti ya vita. Mie ningepiga hesabu kwa bei ya leo ya holseli, nitie nyongeza anayotaka, nione kama bado pana faida hata bei isiposogea. Kama hapana, rudi na huo mkataba wa C&F.

Mzalendo254
Hawa Wahindi ndo wakorofi, wanataka kuwakatia wenzao mpaka maji ya mto Indus, mkataba wa 1960 wameuweka kando!!

Patel_wa_Ganjoni
Na wale 26 waliouliwa ni wakorofi pia?

Baraza_Kuze
Jamani jamani. Kashmir imewashinda tangu 1947, uzi wa mchele hautaimaliza. Sisi na Tanzania Januari 2024 tulizozania ndege za mizigo, wakatangaza kuizuia Kenya Airways kwenda Dar, mawaziri wakapigiana simu ikaisha hata kabla ya tarehe yenyewe kufika. Wale wenzetu wana nyuklia na hawapokeleani simu, wamepunguza hadi maafisa wa balozi kutoka 55 hadi 30. Turudi kwa mchele.

Dirishani_Daima
Mie nijibu la shangazi maana naona limeachwa. Asiogope. Anga ya Pakistan imefungwa kwa ndege za India, za abiria na za jeshi, na ya India kwa za Pakistan. Kampuni za nchi nyengine hazimo kwenye hilo zuio. Halafu angalia ramani, Nairobi kwenda Mumbai ukishatoka Kenya na Somalia njia iliyobaki ni bahari, hufiki anga ya Pakistan kabisa. Wanaoumia ni wale wa Delhi kwenda Ulaya na Marekani, Air India zalazimika kuzunguka kusini na nyengine zatua Vienna au Copenhagen kutia mafuta, wenyewe walikadiria hasara kama dola milioni 600 ikidumu mwaka mzima. IndiGo wakaacha kabisa kwenda Tashkent na Almaty. Na Pakistan nao hawapati ile ada ya kupitisha ndege, 2019 walipofunga anga kutoka Februari 27 hadi Julai 16 waziri wao mwenyewe alisema walipoteza kama dola milioni 50. Yaani ni kukomoana tu.

Wakati wa mapigano India ilifunga viwanja 32 vya kaskazini na magharibi, Mumbai haikuwemo, na tarehe 12 Mei vikafunguliwa. Kama tiketi yake ni ya kuunga ndege Dubai au Doha, apige simu tu siku mbili kabla, manake ikilipuka tena huko Ghuba ndo ratiba huvurugika. Na aangalie viza yake mapema.

Chai_Shimanzi
Mie nafanya ghala la chai na niwaambie huku hatulali. Pakistan ndo mnunuzi wetu mkubwa hapa mnadani, wakikohoa tu Jumanne bei yaonekana. Mwezi wa tatu Sudan ilisimamisha bidhaa zote za Kenya kwa hasira ya wale RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, kupokewa Nairobi, kuna chai iliyokuwa ishapakiwa ya kwenda Port Sudan ikabaki yahangaika. Mwaka 2023 dola ziliwaishia Pakistan makontena yakalala bandarini Karachi. Kwa hivyo wewe wa mchele una kontena moja, kuna watu hapa vibarua vyao vyote vyategemea Karachi iwe sawa.

Lakini nikupe la kukutuliza. Bandari ya Karachi yafanya kazi, chai yaondoka. Na mchele na chai vimefungwa pamoja, Kenya yatoza mchele asilimia 35 au dola 200 kwa tani wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni 75, na sababu kubwa ni kuwa tukiwabana Pakistan kwa mchele watatubana kwa chai. Meli zinazopeleka chai zataka kurudi na kitu. Muulize mtu wa kliaringi ni laini gani za meli zinabeba chai ya kwenda Karachi, uanze kutafuta freti huko mwenyewe uone bei ya kweli.

Kliaringi_Kilindini
Hilo la chai ni wazo zuri, sikulifikiria. Bin Kongowea nitumie meseji nikupe majina ya laini mbili tatu. Na kabla ami hajakimbilia nchi nyengine mkumbushe kuwa cheti cha ubora cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) na kibali cha KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) vimeandikwa kutoka Pakistan, ukibadilisha nchi waanza karatasi upya.

Bin_Kongowea
Wajameni nawashukuru sana. Nimemuandikia saplaya nikamuuliza meli na bandari, amejibu baada ya masaa mawili kuwa yapitia Jebel Ali, nyongeza aliyoitaka mwanzo ameipunguza bila mie kuomba, sijui alikuwa amepiga hesabu gani. Invoisi ya meli bado hajaleta. Ami amekubali tusubiri hadi Ijumaa, akileta tugawane nyongeza nusu kwa nusu, asipoleta twadai C&F yetu. Shangazi ameambiwa sehemu kubwa ya njia ni bahari tupu, sasa yuwaogopa bahari.

Bi_Tononoka
😂😂 Mpe pole. Ukipakua kontena nishike gunia kumi, nina harusi mbili mwezi wa nane, na usinifanyie bei ya vita.